Tupeane uzoefu: mavazi ya watoto tuliyoshona wenyewe na kona ya mtoto chumbani

Mama wa Katubuka
Habari za jioni, ndugu zangu wa Kigoma, mwisho wa reli. Leo nilikuwa ninapekua sanduku la chini ya kitanda nikitafuta nepi za kitambaa za mtoto wangu wa kwanza, kwa sababu wa pili tunamtarajia mwezi ujao, nikakutana na masikio mawili ya sokwe. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuchungulia kuna nini.

Ilikuwa mahafali ya darasa la awali, na shule ilituagiza kila mzazi amvalishe mwanawe kama mnyama wa Tanzania. Wenzangu walikimbilia simba na twiga. Mimi nikasema kwamba mtu wa Kigoma, ambaye akipanda boti pale Kibirizi anafika Gombe, kwenye sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza tangu mwaka 1960, hana sababu ya kuazima wanyama wa Serengeti. Nilinunua gunia la katani, nikalitia rangi nyeusi ndani ya sufuria kuukuu, nikalichambua nyuzi ili zining'inie kama manyoya, na nikalishona kwa mkono kwa siku tatu. Jambo ambalo sikulifanya ni kulitia bitana. Mtoto alipopanda jukwaani akaanza kujikuna, na watu wakashangilia sana wakidhani kwamba anaigiza, kwa kuwa sokwe naye hujikuna. Kisha akavua mkono mmoja, akavua wa pili, na hatimaye akasimama mbele ya mgeni rasmi akiwa na chupi na masikio tu.

Naomba mnipe yenu. Ninaomba pia mawazo kuhusu kona ya huyu anayekuja, kwa sababu tunaishi chumba na sebule, na ninapenda apate mahali pake penye rangi bila ya sisi kukopa.

Fundi wa Mwanga
Dada, pole, ingawa nimecheka. Je, ulimwekea na mkia?

Mama wa Katubuka
Ndiyo, nilimwekea, tena mrefu.

Fundi wa Mwanga
Sokwe hana mkia. Hilo gunia lilikuwa linalipiza kisasi.

Nikirudi kwenye kazi, mimi ni fundi cherehani na kila mwezi wa kumi na moja ninawapokea wazazi wanaokuja saa mbili usiku na mahafali ni kesho yake asubuhi. Gunia halikai juu ya ngozi ya mtoto hata kwa dakika tano. Chukua shuka lililochakaa, ambalo limekwisha kulainika kwa kufuliwa, ulikate kwa kipimo kile kile cha vazi, ulishone kwanza kama gauni la kulalia, kisha ulipachike gunia juu yake kwa mishono mirefu utakayoifumua baadaye. Shingoni usitie lastiki ya kubana. Acha mpasuko mgongoni na ufunge kwa utepe, kwa sababu mtoto anayelia huvuliwa vazi kwa haraka kuliko linavyovaliwa.

Kijana wa Gungu
Nakubaliana na fundi kuhusu mpasuko wa mgongoni. Mimi nilimkata mwanangu nusu ya nywele nikijaribu kumtoa ndani ya kichwa cha twiga.

Bibi wa Ujiji
Wajukuu zangu, hamjambo. Ninasoma haya nikiwa nimeshika kichwa. Huyu binti anasema kwamba mtoto hajazaliwa na tayari anataka kumpambia kona. Kwetu huo ni uchuro. Nguo mbili za kumpokelea zinatosha, na hizo hukaa zimefungwa ndani ya kanga. Mapambo yanafuata baada ya siku arobaini, mama akishatoka ndani na mtoto akishaonekana na watu.

Baba Liemba
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, mke wangu alipojifungua hakuwa na nguvu za kuinua hata kikombe, na mimi nilikuwa ninapika, ninafua na ninapokea wageni. Kama nisingekuwa nimepaka ukuta na kufunga neti mwezi mmoja kabla, mtoto angelala kwenye vumbi la chokaa. Uchuro ni mtoto kuumwa na mbu siku ya kwanza.

Bibi wa Ujiji
Marahaba. Neti sikuikataza. Neti si pambo.

Baba Liemba
Hapo tumeelewana, bibi.

Sasa na mimi niwape yangu. Kijana wangu alikataa kuwa mnyama, akataka kuwa meli, tena si meli yoyote bali MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Nilikusanya maboksi ya sabuni kutoka dukani, nikayaunga kwa gundi ya mbao, nikakata tundu la kiuno, nikaning'iniza mkanda mabegani ili meli iende naye anapotembea, na nikaipaka nyeupe kwa rangi ya maji. Bomba la moshi lilikuwa kopo la maziwa. Nilijisifu mtaa mzima. Tatizo ni kwamba mahafali hayo hufanyika wakati wa mvua, na sisi tunajua mvua ya Kigoma haipigi hodi. Tulipokuwa njiani kutoka Mwandiga ikashuka, boksi likanywa maji, gundi ya mbao ikarudi kuwa uji, sehemu ya mbele ikainama na bomba likaanguka kwenye mtaro. Liemba yenyewe ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ya kwangu ilizama mara moja na haikuopolewa. Kijana alifika ukumbini amevaa mkanda wa mabegani peke yake, na alipoulizwa yeye ni nani akajibu kwamba yeye ni abiria.

Anayetaka kutumia maboksi na aifunike kazi yake kwa nailoni iliyovutwa vizuri mpaka atakapofika mlangoni.

Mama Mdogo wa Kibirizi
Mimi wa kwangu nilimshonea kombati ya mabaka, kofia na mkanda, akawa mwanajeshi. Alipendeza kuliko wote, na halikuharibika jambo lolote.

Kijana wa Gungu
Dada, hiyo ifiche. Mwaka 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia wenye sare zake au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Sheria haiangalii ukubwa wa suruali.

Mama Mdogo wa Kibirizi
Mtoto wa miaka mitano atakamatwa kwa kucheza?

Kijana wa Gungu
Mtoto hatakamatwa. Atakayeulizwa kitambaa kilitoka wapi ni mama yake.

Fundi wa Mwanga
Mimi kitambaa hicho sikipokei mezani kwangu hata kwa fedha maradufu. Mshonee udaktari. Koti jeupe halina ugomvi na mtu.

Mama wa Bangwe
Nimesoma kimya tangu mwanzo, na nilikuwa nimeamua nisiandike, lakini aliyetaja kukata nywele za mtoto ndani ya kichwa cha twiga amenifungua kifua.

Shule ya mwanangu iliandaa igizo la Stanley kukutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Mwanangu, ambaye alikuwa na miaka saba, alipewa kuwa Livingstone, na maneno yake yalikuwa mawili tu: mwenzake alipaswa kuuliza kama yeye ndiye Daktari Livingstone, naye ajibu, "Ndiyo, ndimi." Kwa kuwa maneno yalikuwa machache, niliona sifa yote itatokana na vazi. Nilimshonea koti kutokana na suruali kuukuu ya baba yake, nikamtengenezea kofia ya karatasi ngumu, na kwa ndevu nikanunua pamba ya duka la dawa, nikaichambua ikawa nyepesi kama moshi, nikaibandika kwenye kitambaa chenye lastiki za kuvuta masikioni. Ndevu zilifika kifuani. Zilikuwa nzuri mno, na ninakiri kwamba nilizirefusha kwa ajili ya macho ya wazazi wenzangu.

Usiku wa kuamkia igizo umeme ulikatika. Mtoto akaomba tufanye mazoezi mara ya mwisho, nikawasha mshumaa nikauweka mezani, dada yake akawa Stanley. Akauliza swali lake. Mwanangu akainama kwa heshima, kama mwalimu alivyomfundisha, na ndevu zikapita juu ya mshumaa.

Pamba iliyochambuliwa haiungui kama nguo. Haikuanza pembeni ikasambaa. Ilikuwa nyeupe, kisha ikawa moto wote kwa pamoja, bila ya mlio. Nilimwona mwanangu akitazama chini kwa mshangao kabla hajalia. Sikumbuki nilivyofika. Ninakumbuka kwamba lastiki za masikioni, ambazo nilizikaza mimi mwenyewe ili ndevu zisianguke jukwaani, zilikataa kutoka. Baba yake alimfunika uso kwa kanga iliyokuwa imelowa kwenye beseni la kufulia, na moto ukazimika. Ninahesabu kwamba yote hayo hayakufika nusu dakika. Aliungua kidevu, shingo upande mmoja na vidole viwili alivyojishikia.

Mama mkwe wangu alitoka jikoni na chupa ya mawese. Mume wangu akamzuia kwa mkono, akamwinamisha mtoto chini ya bomba la uani, na wakagombana pale pale gizani, mama na mwanawe, mtoto akilia katikati yao. Mpaka leo mama mkwe anaamini kwamba kovu lilibaki kwa sababu ya maji.

Igizo liliahirishwa kwa wiki tatu ili limngoje. Alipanda jukwaani bila ndevu, kidevu kikiwa bado chekundu, na alipoulizwa alisema maneno yake mawili kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. Mimi sikumsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa ninalia.

Mama wa Katubuka
Dada, pole sana. Nimeyasoma mara mbili.

Mama Mdogo wa Kibirizi
Pole. Nimeinuka sasa hivi kwenda kuangalia mshumaa ulipo.

Mvuvi wa Katonga
Poleni, lakini mama mkwe hakukosea. Sisi ziwani tukiungua kwa karabai tunapaka mawese na tunapona.

Muuguzi Mstaafu
Mnapona licha ya mawese, kaka yangu. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi na nimefuta vidonda mawese, asali, dawa ya meno, yai na hata unga. Mafuta huzuia joto lisitoke na humpa tabibu kazi ya kuyasugua juu ya kidonda kibichi. Alichofanya yule baba ndicho sahihi: maji safi ya baridi yanayotiririka, si barafu, kwa dakika ishirini, kisha kitambaa safi juu yake bila kukaza, na safari ya kituo cha afya, hasa kama ni uso, mikono au shingo. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isivutwe. Nailoni huyeyuka na kugandia, kwa hiyo wanaonunua mawigi na mabawa ya dukani wasijione wako salama kuliko wa pamba.

Mvuvi wa Katonga
Dakika ishirini za maji, na mtaani kwetu bomba linatoka kwa zamu?

Muuguzi Mstaafu
Ndoo na kata. Unamwagia polepole, na yanayochuruzika unayakinga kwenye beseni ili uyarudishe, mradi ni masafi. Na wewe una ziwa zima mlangoni.

Kijana wa Gungu
Ndevu zichorwe kwa mkaa uliozimika. Nimemaliza.

Fundi wa Mwanga
Au zishonwe kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kifupi, kisichovuka kidevu. Nakubaliana na mkaa pia, ila usiwe na majivu, maana majivu yanawasha.

Mama wa Katubuka
Naomba tusiisahau kona yangu, kwa sababu siku zinakwenda.

Muuguzi Mstaafu
Ukuta upake rangi ya maji. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto anayeanza kusimama huibandua ile inayomenyeka na kuila, nayo huharibu ubongo. Paka sasa, na madirisha yawe wazi, ili harufu iishe kabla hujajifungua. Neti isitobolewe kwa pini za mapambo. Nimemwona mama aliyebandika nyota arobaini kwenye neti ya mwanawe akafungua milango arobaini ya mbu.

Mama Mdogo wa Kibirizi
Mimi niliwatundikia wangu samaki. Nilikata migebuka kutokana na vipande vya vitenge, kila mmoja rangi yake, mrefu na mwembamba kama alivyo, nikawajaza sufi na kuwafunga kwenye fito la mwanzi juu ya kitanda. Feni ikiwaka wanaogelea. Kosa langu lilikuwa macho, kwani nilitumia vifungo vya shati, na alipofikisha miezi kumi kimoja kilianguka tukaja kukikuta puani mwake. Tangu hapo macho ninayadarizi kwa uzi. Na fito liwe juu sana, mtoto akisimama asiifikie kamba.

Baba Liemba
Yaani mtoto analala anatazama kitoweo.

Mama Mdogo wa Kibirizi
Neno lake la kwanza lilikuwa "mboga".

Mama wa Katubuka
Samaki nimewapenda. Fundi, hivyo vipande vya vitenge unaviuza?

Fundi wa Mwanga
Siviuzi, vinanijazia sakafu tu. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, uje na kiroba chako, na uniletee hayo masikio ya sokwe niyaone.

Bibi wa Ujiji
Nami nina mto wa sufi ambao siulalii tena, upitie unapotoka Mwanga. Washone hao samaki, mjukuu wangu, lakini usiwajaze. Waweke tupu ndani ya kanga mpaka nisikie mtoto amelia.