Je, asilimia ya udakaji inatosha kumpima mlinzi? Vizquel na Ozzie Smith

Mkazi wa Ohio anauliza:
Ndugu wanajukwaa, hapa Cleveland jina la mchezaji wa besiboli Omar Vizquel bado linatajwa kwa heshima kubwa. Alicheza mechi 2,709 katika nafasi ya shotistopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na hakuna aliyecheza nyingi zaidi katika nafasi hiyo. Asilimia yake ya udakaji, yaani sehemu ya mipira aliyoishughulikia bila kosa, ni .985 (98.5%), ilhali ya Ozzie Smith, shotistopu mwingine wa zamani, ni .978. Vizquel aliandikiwa makosa 183. Smith aliandikiwa 281, tena katika mechi chache zaidi. Kwa nini basi wachambuzi wengi humweka Smith juu yake?

Mtunza Daftari:
Ndugu, takwimu hiyo ina thamani, lakini inajibu swali dogo kuliko lile unalouliza. Kosa huandikwa pale tu ambapo mwandishi rasmi wa mchezo ameona kwamba mpira ule ungedakwa kwa juhudi za kawaida. Mlinzi mzito wa miguu, ambaye mpira unampita hatua mbili pembeni, haandikiwi chochote. Sifa anapewa mpigaji, na asilimia ya mlinzi inabaki safi. Yule mwepesi anaufikia, anajitupa, anarusha kabla hajasimama sawasawa, na mpira ukienda kombo anaweza kuandikiwa kosa kwa sababu tu alijaribu.

Tazama asisti, ambazo katika besiboli huhesabiwa mlinzi anaporusha mpira unaosaidia kumtoa mpinzani. Smith ana 8,375, ambayo ni rekodi ya nafasi hiyo, na Vizquel ana 7,676 ingawa alicheza karibu mechi 200 zaidi. Hiyo ni 3.34 kwa mechi dhidi ya 2.83, na tofauti hiyo katika msimu wa mechi 150 inafikia asisti 75 hivi. Makosa 98 yanayowatenganisha kwa maisha yao yote ya uchezaji ni kidogo sana mbele ya pengo hilo.

Bi. Hesabu:
Kuhusu makosa nakubaliana nawe kabisa, ila hizo asisti 75 si za kupokewa kama zilivyo. Mwaka 1980 kila timu ilikuwa na wapigaji chini ya 5 kwa mechi waliotolewa na mrushaji peke yake, bila kuuingiza mpira mchezoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 idadi hiyo ilikuwa imepita 6. Mpira usiopigwa haumfikii shotistopu, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo Vizquel hakupata nafasi nyingi kama alizopata Smith, na haki ni kumlinganisha kila mmoja na walinzi wa msimu wake mwenyewe, kisha ndipo tujumlishe misimu.

Makadirio yanayofuata njia hiyo, kwa kutumia kumbukumbu za kila mpira uliochezwa, humpa Smith takriban mikimbio (pointi za mchezo huu) 240 aliyoiokoa zaidi ya mlinzi wa kawaida, na Vizquel takriban 130. Pengo limepungua, lakini halijafutika. Na hiyo 130, kwa maoni yangu, ni kazi kubwa ambayo haipaswi kudharauliwa kwa sababu tu amewekwa kando ya Smith.

Mtunza Daftari:
Nashukuru kwa sahihisho hilo, Bi. Hesabu. Niongeze kwamba Glavu za Dhahabu, yaani tuzo za ulinzi bora wa msimu, 13 za Smith na 11 za Vizquel, zilitokana na kura za makocha, nazo zisihesabiwe kama kipimo. Mwaka 1999 Rafael Palmeiro alipewa moja kwa kituo cha kwanza ilhali alikuwa amekilinda mechi 28 tu.

Mkazi wa Ohio:
Nimewaelewa, na ninawashukuru nyote wawili. Bado nina jambo moja: takwimu za kisasa za mikimbio iliyookolewa zinaanza mwaka 2003, Vizquel akiwa na miaka 36. Je, niziunganishe na makadirio ya miaka ya nyuma?

Bi. Hesabu:
Usizichanganye katika jumla moja, ndugu yangu, kwa kuwa vipimo vyake si sawa. Zitumie kuona jinsi alivyozeeka uwanjani, na kwa misimu yake ya Cleveland, 1994 hadi 2004, shika kipimo kimoja mwanzo hadi mwisho.