PSA ya baba (kipimo cha damu cha tezi dume) imeshuka akitumia finasteraidi, aache dawa?

Binti wa Korogwe:
Habari zenu. Baba ana miaka 71, ana tezi dume, ile ya kukua tu. Walichukua kinyama wakapima, saratani haikuonekana. Tangu mwaka jana anameza finasteraidi ya miligramu 5. Kabla ya dawa PSA ilikuwa 6.4, juzi imesoma 3.2. Mkojo unatoka vizuri na usiku analala. Sasa anasema amepona, vidonge basi. Mimi ndiye ninayemkatia maana kizima kinamkwama. Aache?

Mfamasia Mstaafu:
Pole kwa kuuguza, dada. Asiache bila daktari wake, na hiyo 3.2 isiwadanganye.

Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa 5-alfa reduktesi. Kinageuza testosteroni kuwa DHT, homoni kali zaidi, na DHT ndiyo inayokuza tezi. Finasteraidi inakizuia kimeng'enya hicho. Tezi inasinyaa, PSA nayo inashuka karibu nusu, hata kwa mtu mwenye saratani iliyojificha. Ndiyo maana aliyetumia dawa zaidi ya miezi sita, majibu yake tunazidisha mara mbili. Ya baba ni 6.4 ileile! Si habari mbaya, ila si ya kupona. Cha kuogopa ni ikianza kupanda naye yuko kwenye dawa: leo 3.2, baadaye 3.9, na karatasi ya maabara bado imeandikwa "kawaida". Kila anapopima aseme anameza nini. Akiacha, DHT inarudi juu ndani ya wiki chache na tezi inaanza kukua tena.

Na wewe unayekata vidonge, una ujauzito?

Binti wa Korogwe:
Ndiyo, mwezi wa tatu. Kwani vipi?

Mfamasia Mstaafu:
Usivishike tena vilivyokatwa. Kidonge kizima kina ganda, hakina shida. Kikivunjika, dawa inaweza kupenya kwenye ngozi. Mtoto wa kiume anahitaji DHT tumboni ili maumbile yake yakamilike. Mwaka 1974 Dk. Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu watoto wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hikihiki: wengi walilelewa kama wasichana, walipobalehe miili ikawa ya kiume. Tezi zao zilibaki ndogo ukubwani, na wazo la dawa hii likaanzia hapo.

Usihangaike moyo, kugusa si kumeza. Mwambie mkunga ukienda kliniki, na kazi hiyo aichukue mwanamume hapo nyumbani.

Juma wa Mikindani:
Mzee, mimi natumia ya miligramu 1 kwa ajili ya upara. Yananihusu haya?

Mfamasia Mstaafu:
Yanakuhusu, dawa ni moja. PSA yako nayo inashuka, mwambie daktari. Na ukitaka kuchangia damu, taja kwanza kwamba unaimeza. Marekani hawaipokei mpaka mwezi upite tangu kidonge cha mwisho, kwa sababu damu hiyo inaweza kuongezewa mjamzito.