Bima ya kazini: kidonge cha saratani wanalipa, kilekile cha kutafuta mtoto wanakataa!

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira, mnivumilie. Kama kuna mtu humu anafanya kazi kampuni za bima, aje anieleze hii hesabu wanaipigaje.

Mayai yangu hayapevuki. Ni PCOS, ule uvurugikaji wa homoni unaozuia mayai kupevuka, wenye nayo mnaijua, hedhi inakuja ikijisikia. Daktari akaniandikia letrozole, kidonge cha saratani ya matiti ambacho pia kinasaidia mayai kupevuka, ya miligramu 2.5, ninywe siku tano kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Nikaenda dirisha la dawa na kadi yangu. Binti akaingiza kwenye mfumo, akasubiri, halafu akanigeuzia kompyuta nijisomee: imekataliwa, matibabu ya ugumba. Akaniambia kwa sauti ya chini, nadhani alinionea huruma, "Dada, ingekuwa ya saratani ya matiti ingepita."

Kidonge ni hichohicho! Pakiti ni hiyohiyo! Kinachotofautisha ni kilichojazwa kwenye fomu. Daktari akijaza namba ya ugonjwa N97, ugumba wa mwanamke, mfumo unagoma. Akijaza E28.2, yaani PCOS, ambayo kweli ninayo wala si uongo, metformin, dawa ya kisukari ambayo wenye PCOS pia hupewa, inatoka lakini letrozole bado inagoma kwa sababu wanajua naitakia nini. Na kabla hamjanishauri niongee na daktari aandike ugonjwa mwingine: hapana. Wakikubaini kadi inafungiwa, na mume wangu ana presha, anatibiwa kwa kadi hiyohiyo.

Nikaomba kitabu cha masharti. Kwenye orodha ya wasiyolipia, ugumba wameupanga pamoja na upasuaji wa urembo. Yaani mimi na anayeongeza makalio tuko fungu moja. Wakati Shirika la Afya Duniani linautambua ugumba kuwa ni ugonjwa, na ripoti yake ya 2023 inasema unamgusa takriban mtu mzima 1 kati ya 6. Mimba ikishaingia bima haohao wanalipa kliniki, wanalipa kujifungua, hata kwa kisu. Mtoto wanamtambua, ila akiwa bado anatafutwa hawahusiki.

Letrozole nilijilipia, haikuniua. Kilio ni sindano. Vidonge vikishindwa unahamia sindano za kukuza mayai: unajichoma tumboni kila siku, kwa kawaida siku 8 hadi 12, katikati unaitwa ultrasaundi kuangalia mayai yamefika wapi, halafu unachomwa ya kuyaachia, halafu unaambiwa uweke progesterone, homoni ya kuandaa mji wa mimba. Kila kimoja na risiti yake, na hakuna hata risiti moja bima wataigusa. Kwa dawa ileile, famasi mbili za Dar, mtaa mmoja, zimepishana laki na ushee. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa "dada, hizi zinaagizwa."

Mimi niko Morogoro. Kalamu ya sindano inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8 na isigande, ikiganda imekufa. Kwa hiyo nakaa kwenye basi na kibegi cha barafu mapajani, dawa nimeizungushia kanga isigusane na barafu, konda ananiuliza kama nauza maziwa ya mtindi.

Walio njia moja na mimi, haya ndiyo yamenipunguzia maumivu kidogo. Ulizia bei kwa jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni, wakati mwingine kuna ya bei nafuu wanaificha nyuma. Usinunue dozi nzima siku ya kwanza, maana baada ya ultrasaundi daktari anaweza kupunguza au hata kusitisha, na famasi hawarudishi hela. Kama una PCOS na umeandikiwa clomiphene, kidonge kingine cha kupevusha mayai, muulize daktari wako kuhusu letrozole kabla hujafikia sindano. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2014, waliopewa letrozole walizaa asilimia 27.5, wa clomiphene asilimia 19.1. Na zile sindano za mabaki zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, achaneni nazo jamani. Hujui zililala friji gani, pengine zililala na soda, na kalamu ikishafunguliwa mwisho siku 28.

Nilienda kwa HR. Akasema mkataba ndivyo ulivyo. Nilipombana ndipo akakiri kuwa kifungu kama hicho mwajiri anaweza kukijadili wakati wa kuhuisha mkataba, "ila hakuna aliyewahi kuomba." Nani ataomba, aandike barua yenye jina lake kwamba hazai, ipitie masijala?

Sasa swali langu: kuna kampuni yoyote wafanyakazi walifanikiwa kuingiza hata vidonge tu? Mlipitia chama cha wafanyakazi au mlimwendea mkurugenzi moja kwa moja? Mchango kwa kila kichwa ulipanda kiasi gani? Nataka niende na hoja kabla mkataba wetu haujahuishwa, na nitaomba kwa niaba ya wote ili asijulikane nani ni nani.

Mnaouza unga wa mizizi na mafuta ya kusafisha kizazi: PM nimefunga.