Mjadala: Tuwapige marufuku wanafunzi kupitisha mstari kwenye grafu kwa kubofya kitufe?

Mleta mada

Wakuu, idarani kwetu kuna hoja imezuka: mwanafunzi wa sayansi asiruhusiwe kutumia vitufe vya uchambuzi vilivyomo kwenye programu za grafu kama Origin, GraphPad Prism au Excel. Wanaoitetea wanataka kila mstari unaopitishwa kwenye data uandikiwe amri, kwa lugha za kompyuta kama R au Python, ili mtahini aone ulikotoka. Mimi marufuku naipinga, ingawa hasira iliyoizaa naielewa.

Niwape nililoliona. Binti mmoja alikuwa anapima madini ya chuma kwenye maji ya kisima kwa fenantrolini, ile inayoyapa maji rangi ya chungwa iliyoiva. Akaandaa mimumunyo mitano ya kulinganishia, miligramu 1 hadi 5 kwa lita, akaisoma kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na rangi: 0.20, 0.40, 0.60, 0.72, 1.00. Ukitazama tu unaona wa nne umeteleza, ulitakiwa uwe karibu na 0.80. Pengine pipeti ilivuta hewa. Mstari mnyoofu ulimpa R² (kipimo cha jinsi mstari unavyozifuata pointi, 1 ikiwa ni kuzifuata kikamilifu) ya 0.988, akaona haimridhishi. Menyu ileile ina polinomia, yaani mlinganyo wa mstari unaoweza kupinda zaidi kadiri digrii inavyopanda, basi akapandisha digrii hadi ya nne, R² ikawa 1.000. Akaja kunionyesha kwa furaha.

Itakosaje kuwa 1? Pointi ni tano, polinomia ni ya digrii ya nne: lazima mstari upite kwenye kila pointi, hata namba zenyewe ungeziokota barabarani. Maji yake yalisoma 0.80. Kwa mimumunyo iliyo sawa hiyo ni miligramu 4 kwa lita. Mstari wake uliopinda ukampa 4.45. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha kutazama mabaki, yaani umbali wa kila pointi kutoka kwenye mstari. Angeyachora kwa ule mstari mnyoofu, pointi ya nne ingejitenga palepale na angerudi maabara kuandaa mmumunyo upya.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mfano wako ndio unanifanya niunge mkono marufuku. Kubofya hakuachi alama. Mtu akilazimika kuandika kwa mkono wake kwamba anataka digrii ya nne, atajiuliza kwa nini si ya kwanza, na asipojiuliza yeye, mtahini atamuuliza, maana imeandikwa. Na gharama je? R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, ni bure. Gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri, ipo tangu 1986, nayo bure. Programu ya leseni ukimaliza chuo unaiacha, na mafaili yako yanabaki yamefungwa.

Halafu hizi programu zinaamua mambo bila kukuuliza. Excel iligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, watafiti wakachapisha bila kugundua, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikatangaza majina mapya: SEPTIN1, MARCHF1. Jeni zimebadilishwa majina kwa ajili ya jedwali!

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa maabara. Naletewa amri za R ambazo mwanafunzi kapewa na mwenzake wa mwaka jana, kabadilisha jina la faili tu. Ukimuuliza mstari wa tatu unafanya nini, kimya. Tusidanganyane kwamba amri peke yake inamfikirisha mtu.

Mleta mada

Fundi kagusa penyewe. Ndugu yangu uliyeitaja gnuplot, amri ya programu hiyo ya kutafuta mstari inatumia njia ya Levenberg-Marquardt, inayoanza na makisio unayoipa. Usipoipa, inaanzia 1 kwa kila kigezo, yaani kila namba ya mlinganyo inayotafutwa, kisha inajitafutia njia, na ikianzia mbali na ukweli inaweza kutua pasipo penyewe. Jibu litatoka, lina desimali zake zote, na amri imeandikwa vizuri kabisa.

Ila la alama nakubali kwa moyo mmoja. Ndiyo maana napendekeza tudai kitu cha kuonekana badala ya kukataza chombo. Kila grafu yenye mstari iwe na mlinganyo wake, idadi ya pointi na idadi ya vigezo. Chini yake ikae grafu ya mabaki. Data ghafi iwekwe kwenye kiambatisho, pamoja na pointi zilizotupwa na sababu ya kuzitupa. Kama data imelainishwa, yaani mirukoruko yake imesawazishwa kwa kutumia pointi jirani, tuambiwe kwa njia gani na kwa dirisha la pointi jirani ngapi.

Anayedhani namba zinatosha bila picha akumbuke data nne za mtakwimu Anscombe za mwaka 1973. Kila moja ina pointi 11, wastani uleule, uhusiano wa x na y wa 0.816, mstari uleule y = 3 + 0.5x. Zichore uone: moja imepinda kama upinde, nyingine imevutwa na pointi moja tu. R itakupa namba hizohizo, Excel itakupa namba hizohizo.

Yule binti alirudia kipimo. Aliye katika idara inayodai grafu ya mabaki kwenye tasnifu, naomba aeleze waliandikaje kwenye mwongozo wao, na wasimamizi waliokuwa wagumu waliwashawishi vipi. Hapo ndipo tulipokwama.