Mjadala: Wakili Marshall alikosea kukubali radhi ya Henry Ford?

MLETA MADA: Wakuu, hili linanikera kila nikilisoma. Mei 1920 gazeti la Henry Ford, huyu huyu wa magari, lilianza mfululizo wa makala zinazodai kwamba Wayahudi wamekula njama ya kuitawala dunia. Gazeti lenyewe, Dearborn Independent, lilisambaa kwa sababu mawakala wa magari yake walishinikizwa kuliuza. Louis Marshall, wakili wa New York aliyeongoza American Jewish Committee (kamati ya kutetea haki za Wayahudi) tangu 1912, alimpelekea telegramu ya kulalamika. Akapuuzwa.

Aliyemburuza Ford kortini ni mtu mwingine, Aaron Sapiro: wakili aliyeonja maisha ya kituo cha yatima, kisha akawa kigogo wa vyama vya ushirika vya wakulima. Mnaujua mtindo, mnauza mazao pamoja ili mlanguzi asiwapunje. Gazeti likamwita kinara wa njama ya Kiyahudi ya kuteka kilimo. Akadai dola milioni 1. Kesi ikaunguruma Detroit Machi 1927, na Ford alipokaribia kupanda kizimbani, akapata ajali. Ya gari, jamani! Baadaye kesi ikavunjika kabla ya hukumu, ikabidi ianze upya.

Hapo Ford akatuma watu kwa Marshall kimyakimya. Marshall mwenyewe akaitunga barua ya radhi, ikatoka Julai kwa jina la Ford. Sapiro hakuitwa. Nasema Marshall alimwokoa tajiri asihojiwe hadharani.

JIBU: Unamwonea marehemu. Sheria ya kashfa ilimlinda Sapiro kwa jina lake, si Wayahudi wote kwa pamoja. Angeshinda, angeshinda peke yake. Halafu kumbuka 1915: Marshall alimtetea Leo Frank, Myahudi wa Georgia aliyehukumiwa kwa mauaji, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa, na Agosti mwaka huo huo genge likamtoa Frank gerezani likamnyonga. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia asubiri haki ya korti, atakutazama tu. Na gazeti si lilifungwa Desemba 1927?

JIBU: Lilifungwa, sawa. Lakini hata sahihi kwenye ile barua haikuwa ya Ford, aliitia msaidizi wake Harry Bennett. Na 1938 mzee akapokea nishani ya serikali ya Hitler bila aibu. Radhi gani hiyo?

MLETA MADA: Hilo la Frank ni zito, nakiri. Ila halinitoshi. Mwaka 1926 Marshall huyo huyo alikuwa Mahakama ya Juu akipinga mikataba ya kuwazuia Weusi kununua nyumba Washington. Alishindwa pia, na hakukimbia. Kwa hiyo msiniambie alikata tamaa na mahakama. Nadhani aliogopa kelele. Alikuwa wa kizazi cha kumaliza mambo sebuleni, mzee kwa mzee.

JIBU: Na wewe ungefanyaje? Ford amesalimu amri, unamwambia arudi kesho?

MLETA MADA: Ningemwambia aanzie kwa Sapiro. Yeye ndiye aliyekuwa na kesi. Baadaye alirudishiwa gharama na kuombwa radhi, lakini masharti yalikuwa yameshaandikwa New York, yeye akayakuta mezani.