Kurudi Bombo na pasipoti ya Uingereza: nianze na uraia au na bima ya matibabu?

Binti Bombo:

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Nilizaliwa Bombo, Uganda, nikaondoka mwaka 1989 kwenda kusomea uuguzi Uingereza, na mwaka 1998 nikachukua uraia wa huko. Mwakani nitaanza kupokea pensheni ya serikali ya Uingereza, na nia yangu ni kurudi kukaa katika kiwanja alichotuachia marehemu baba, ambacho hati yake ni ya mailo, yaani ile ardhi ya Buganda inayomilikiwa moja kwa moja. Mume wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, ana miaka 70, ana presha na kisukari.

Ndugu mmoja ananiambia tuingie kwa viza ya utalii, mengine tutayamaliza tukiwa nyumbani. Mwingine anasema nisiuze nyumba ya huku, bali niwe ninarudi kila mwaka kutibiwa bure na kuchukua dawa za miezi kadhaa. Je, mimi bado ni raia wa Uganda? Mume wangu ataishi kwa hati gani? Na tukiugua, nani atalipa?

Karani Mstaafu, Kampala:

Dada, waalaikum salaam. Uliyouliza karibu yote yanasimama juu ya uraia wako, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Ulipoapa kuwa raia wa Uingereza, Katiba yetu ya mwaka 1995 ilikuwa bado hairuhusu uraia wa nchi mbili, na aliyechukua uraia wa kwingine kwa hiari yake aliupoteza wa Uganda, hata kama hakuna ofisa aliyemwandikia barua wala aliyemnyang'anya pasipoti. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na sheria ya uraia na uhamiaji ikafuata mwaka 2009, lakini mabadiliko hayo hayakuwarudishia watu uraia wakiwa wamekaa. Ni lazima uombe Uhamiaji, uthibitishe kwamba ulikuwa raia, uape kiapo, na usiwe na uraia wa nchi ya tatu.

Anza sasa, ukiwa ungali huko, kukusanya cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya zamani ya Uganda hata kama imeliwa na mende, cheti cha uraia wa Uingereza, na hati ya polisi ya mwenendo mwema. Jambo linalowakwamisha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, pasipoti ya Uingereza ina jina la mume, na shuleni mtu aliandikwa jina la tatu ambalo mwalimu alilisikia vibaya. Hati ya kiapo mbele ya wakili, inayosema kwamba hao wote ni mtu mmoja, itakuokolea safari nyingi. Raia wa nchi mbili hawezi kuwa rais wala waziri, ila sidhani kama hilo litakunyima usingizi.

Sasa kiwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ya mailo. Anaweza kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ukienda kuandikisha jina lako katika hati ya baba huku umeshika pasipoti ya Uingereza peke yake, utakuwa umebeba ushahidi dhidi yako mwenyewe. Subiri cheti cha uraia wa nchi mbili.

Kuhusu shemeji yetu, viza ya utalii ya dola 50 ni ya kutembelea, na mtu aliyehamia na makabati yake hawezi kujiita mtalii. Ukisharudishiwa uraia, ataomba kibali cha ukaazi akiwa mume wa raia. Hakikisheni mna cheti cha ndoa kilichosajiliwa na serikali ya Uingereza, kwa sababu nikaha ya msikitini peke yake haitambuliwi huko kuwa ndoa ya kisheria.

Mzee wa Jinja:

Mama, nilirudi kutoka Birmingham mwaka 2013, na huyo ndugu wa pili anakupotosha. Haki ya kutibiwa bure Uingereza inatokana na kuishi huko. Pasipoti na miaka uliyochangia havikulindi. Ukihama, ukija kwa matembezi utahudumiwa bure katika idara ya dharura ya hospitali, lakini ukilazwa unaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Haki hiyo inarudi ukirejea kuishi kabisa. Uganda na Uingereza hazina makubaliano ya kutibiana wastaafu.

Pensheni utaipokea hapa, lakini haitapanda. Kiasi utakachoanza nacho ndicho utakachobaki nacho muda wote utakaoishi Uganda, wakati wenzako waliobaki wanaongezewa kila mwaka. Mimi sikulijua hilo, na leo ninalisikia kila ninapolipia dawa. Kadhalika, mara kwa mara utatumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba ungali hai. Yangu ilikaa katika sanduku la posta la kaka yangu, aliyekuwa safarini, nami machoni mwa ofisi ya pensheni nikawa marehemu kwa miezi mitatu. Kodi sanduku lako mwenyewe kabla ya kuhama.

Bima tafuteni sasa hivi. Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa anayejiunga mara ya kwanza, na mwenye kisukari hutozwa zaidi au ugonjwa wenyewe huachwa nje. Msitegemee bima ya taifa: muswada wake ulipitishwa na Bunge mwaka 2021 bila kutiwa saini na rais.

Muuguzi wa Wobulenzi:

Ninamheshimu Mzee, lakini kwa mgonjwa wa miaka 70 mwenye kisukari sioni bima kuwa jibu la kwanza. Ada za vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, ila mara nyingi utapimwa bure kisha uambiwe dawa imekwisha, ukanunue nje. Kwa hiyo pigeni hesabu ya dawa zake za mwezi kwa bei ya duka la dawa la Kampala, muitenge kabla ya kufikiria chochote kingine. Kutoka Bombo hadi Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, ni kama kilomita 35, lakini foleni ya Kawempe na Bwaise haijui mgonjwa. Tafuteni kliniki ya karibu yenye umeme wa uhakika wa kuhifadhi insulini.

Na msisahau chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake kinatakiwa mpakani. Kwa aliyepita miaka 60 madhara yake ni makubwa kidogo, hivyo daktari wake aamue kwanza. Nawe mwenyewe, dada, usijidanganye kwamba malaria inakujua: kinga ya utotoni imekwisha zamani.

Binti Bombo:

Nimewasikia, na ninawashukuru. Nimeahirisha kontena la kusafirishia vitu vyetu. Dada yangu anatafuta cheti changu cha kuzaliwa, na kesho mume wangu anampelekea daktari wake orodha ya dawa tuliyoipigia hesabu usiku huu. Mzee, hilo sanduku la posta linakodishwa kwa mwaka, au naweza kulilipia miaka kadhaa kwa pamoja?