Naomba ushauri: okestra ya kudumu au fidla ya Baroque?

Wakuu, habari zenu. Nipo Den Haag, Uholanzi, napiga fidla. Mwaka jana niliazima ya mtindo wa Baroque (muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750): nyuzi za utumbo wa kondoo, haina pa kuegemeza kidevu, na noti ya A inashushwa hadi hezi 415 badala ya 440. Corelli na Biber, watunzi wa enzi hizo, wakaniteka kabisa.

Shida riziki. Vikundi vingi vya muziki huu hulipa kwa onyesho. Kabla ya Pasaka simu haitulii, kila kanisa linataka Mateso ya Mathayo, utunzi wa Bach kuhusu mateso ya Yesu, ikipita, ukame. Na hizo nyuzi! Ya E, ile nyembamba kuliko zote, imeshanikatikia jukwaani mara mbili.

Sasa nimepata nafasi ya kudumu kwenye okestra ya kawaida, wanataka jibu Ijumaa. Mnaoishi kwa malipo ya onyesho, miezi mikavu mnaivukaje?